Saudi Arabia: Lango la mtandao lahamia kwenye wingu, ufunguo wabaki kwa nani?

Makampuni na taasisi nchini Saudi Arabia yanaendelea kuyaondoa malango ya usalama wa mitandao yao kutoka ofisi kuu za mjini Riyadh na kuyakabidhi kwa huduma za wingu. Kwa mtazamo wa kwanza hiyo ni kazi ya mafundi peke yao. Lakini inawagusa pia Waafrika Mashariki wanaoishi na kufanya kazi katika ufalme huo, ambao mikataba, mishahara na mazungumzo yao na jamaa walioko nyumbani hupitia katika malango hayo hayo.

Riyadh ni mji mkuu, makao ya serikali, na tangu Januari mosi mwaka 2024 ni mji ambao makampuni ya kigeni yanazidi kujikuta hayana budi kuweka makao yao ya kikanda. Kuanzia tarehe hiyo serikali ya Saudi Arabia ilitangaza kwamba haitatoa zabuni zake kwa makampuni ya nje yasiyo na makao makuu ya kanda ndani ya ufalme, isipokuwa kwa masharti maalumu. Jeddah, kwa upande wake, ni mji wa bandari na biashara katika Bahari ya Shamu, na ndiyo njia ya mahujaji wengi wanaoelekea Makka. Kati ya miji hiyo miwili kuna umbali wa takriban kilomita 950 kwa barabara.

Umbali huo ndio unaoeleza sehemu kubwa ya mjadala unaoendelea sasa katika idara za teknolojia za makampuni ya huko: ikiwa ofisi kuu iko Riyadh na tawi liko Jeddah, je, mawasiliano ya tawi yakaguliwe wapi kabla ya kutoka kwenda ulimwenguni?

Mlango mmoja mjini Riyadh

Ili kulielewa suala hilo inafaa kurejea nyuma kidogo. Wananchi wa kawaida wa Saudi Arabia walifunguliwa intaneti mwaka 1999, miaka kadhaa baada ya majirani zao wa Ghuba. Kuchelewa huko hakukutokana na ukosefu wa fedha wala wa wataalamu. Serikali ilitaka kwanza kujenga lango moja ambalo mawasiliano yote ya intaneti kati ya ufalme na nje yangepitia. Kazi hiyo ilikabidhiwa taasisi ya kisayansi ya mjini Riyadh, Mji wa Mfalme Abdulaziz wa Sayansi na Teknolojia, inayojulikana kwa kifupi KACST.

Makampuni yaliyouza huduma ya intaneti, yawe Jeddah au Dammam, yalitakiwa kujiunga na kituo hicho, na kurasa zilizopigwa marufuku zilichujwa hapo hapo. Baadaye jukumu la uchujaji likahamishiwa Tume ya Mawasiliano na Teknolojia ya Habari, ambayo tangu mwaka 2022 inaitwa Tume ya Mawasiliano, Anga na Teknolojia. Njia za kutokea nje ya nchi zikaongezwa, na mfumo wa lango moja la taifa ukalegezwa.

Hata hivyo, umbo lile lile lilibaki ndani ya makampuni. Benki, wakala wa usafiri au kampuni ya ujenzi ilikuwa na lango lake kubwa la usalama katika ofisi kuu. Matawi yaliunganishwa na ofisi hiyo kwa laini za kukodi, na kila kilichotoka kwenda kwenye intaneti kilipelekwa kwanza makao makuu, kikakaguliwa, kisha kikaruhusiwa kuendelea na safari. Mkusanyiko huo wa laini zinazounganisha ofisi zilizo mbali ndio unaoitwa mtandao mpana wa mawasiliano.

Utaratibu huo ulikuwa na mantiki yake. Programu za uhasibu, barua pepe na mafaili yote yalikuwa ndani ya seva za ofisi kuu. Mfanyakazi wa Jeddah alilazimika kwenda Riyadh, kwa maana ya kimtandao, kwa sababu kazi yake ilikuwa huko. Kilichobadilika ni mahali kazi ilipo.

Kutoka Jeddah hadi Jeddah

Tuchukue mfano wa kampuni ya kuingiza vyakula yenye makao Riyadh na ghala lake kuu Jeddah. Barua pepe zake sasa ziko katika huduma ya wingu, yaani katika seva za kampuni nyingine zinazokodishwa kupitia intaneti. Hesabu zake ziko huko, na hata orodha ya makontena yaliyoko bandarini iko huko. Mikongo mingi ya baharini inayoiunganisha Saudi Arabia na Ulaya hutia nanga katika pwani ya Bahari ya Shamu, Jeddah ikiwa miongoni mwa vituo vyake vikuu.

Karani wa ghala anapofungua orodha yake, ujumbe wake huondoka Jeddah kwenda Riyadh ili ukaguliwe, kisha hurudi Jeddah ili uingie kwenye mkongo, ndipo uelekee Ulaya. Jibu nalo hurudi kwa mzunguko huo huo. Ni sawa na msafiri wa Mombasa anayetaka kwenda Lamu akaambiwa apitie Nairobi kupigiwa muhuri.

Kwa haki, mzunguko wenyewe si mrefu kwa kipimo cha mwanga. Mwanga husafiri ndani ya waya wa kioo kwa kasi ya takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kwenda Riyadh na kurudi huongeza karibu milisekunde kumi tu. Mwanadamu hawezi kuzihisi. Lakini ukurasa mmoja huenda ukahitaji safari nyingi za kwenda na kurudi kabla haujafunguka, na juu ya hayo matawi yote hugombania laini ile ile na lango lile lile. Saa tatu za asubuhi, wakati kila mtu amewasha kompyuta yake, foleni huwa ndefu. Na lango likiharibika, ghala la Jeddah linakuwa halina intaneti ingawa mkongo uko hatua chache kutoka hapo.

Kwa sababu hiyo makampuni yameanza kununua mtandao mpana unaoendeshwa kutoka kwenye wingu. Kila tawi hupata laini ya kawaida ya intaneti na kifaa kidogo. Kifaa hicho hupokea amri kutoka kituo kimoja cha uendeshaji, na hutafuta chenyewe njia iliyo nafuu. Ukaguzi wa usalama nao huondolewa katika chumba cha seva cha Riyadh na kuwekwa katika vituo vya kampuni ya usalama vilivyotawanyika duniani. Tawi huunganishwa na kituo kilicho karibu nalo zaidi.

Ugumu wa kuunganisha

Katika matangazo ya biashara kazi hiyo huonekana kuwa ya siku moja. Ukweli ni kwamba kuunganisha lango la usalama na mtandao wa aina hiyo kuna mitego inayojulikana vyema kwa mafundi, ingawa mara nyingi wakurugenzi hawaelezwi.

Mtego wa kwanza ni njia zenyewe. Kifaa cha tawi hujenga njia fiche kwenda katika lango, yaani bomba ambalo ndani yake ujumbe husafiri ukiwa umegeuzwa kuwa maandishi yasiyosomeka na mtu wa njiani. Kwa kawaida hujengwa njia mbili kwenda malango mawili, ili moja likianguka jingine lishike zamu. Lakini malango ya aina hii hukumbuka mazungumzo waliyoyaanzisha. Ikiwa ujumbe umetoka kwa lango la kwanza na jibu likarudi kwa lango la pili, lango hilo la pili halilitambui na hulitupa. Mtumiaji huona ukurasa usiofunguka, na fundi huona njia mbili nzima zisizo na kasoro.

Mtego wa pili ni ukubwa wa mzigo. Kuuficha ujumbe kunaongeza maandishi ya ziada juu yake, na pakiti iliyokuwa inatosha barabarani huwa imezidi kimo. Barua ndogo hupita, mafaili makubwa hukwama. Ni hitilafu ndogo inayoweza kumaliza wiki nzima ya kazi.

Mtego wa tatu ndio mzito zaidi, kwa kuwa unahusu siri za watu. Siku hizi sehemu kubwa ya kurasa za intaneti husafiri zikiwa zimefichwa kuanzia kwa msomaji hadi kwenye tovuti. Lango la usalama lisiloweza kusoma yaliyomo haliwezi kujua kama ndani yake kuna kirusi. Kwa hiyo hupewa uwezo wa kuufungua ujumbe katikati ya safari, kuusoma, na kuufunga tena. Ili kompyuta ya mfanyakazi isilalamike, hupandikizwa cheti cha kidijitali kinachoiambia iliamini lango hilo kama inavyoiamini tovuti yenyewe.

Mashine za malipo, kamera za ulinzi na vifaa vya hospitali mara nyingi havikubali cheti hicho, na hulazimika kuachiwa njia ya pembeni isiyokaguliwa. Matokeo yake ni kwamba karani husomwa kila neno, wakati kamera iliyotengenezwa miaka kumi iliyopita na isiyopata marekebisho ya usalama hupita bila kuulizwa. Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Uimara wa lango hauelezi hali ya vyumba vya ndani.

Sheria inauliza: lango liko nchi gani?

Lango likiwa katika ofisi kuu, swali la nchi halikuwapo. Sasa lipo. Kampuni ya usalama isiyo na kituo ndani ya Saudi Arabia itaupokea ujumbe wa Jeddah mjini Dubai, Bahrain au Frankfurt, na hapo ndipo itakapoufungua na kuusoma. Kumbukumbu za nani alitembelea tovuti gani na saa ngapi nazo zitahifadhiwa huko.

Saudi Arabia imejenga sheria zake hatua kwa hatua. Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao iliundwa mwaka 2017, na mwaka uliofuata ikatoa kanuni za msingi ambazo, pamoja na mengine, zilizitaka taasisi zinazohusika kuhifadhi taarifa zao ndani ya ufalme. Mwaka huo huo wa 2018 zikatoka kanuni za huduma za wingu. Sheria ya kulinda taarifa za watu binafsi iliidhinishwa mwaka 2021, ikarekebishwa mwaka 2023, ikaanza kazi Septemba 14 mwaka huo, na makampuni yakapewa mwaka mmoja wa kujitayarisha. Sheria hiyo haikatazi kabisa taarifa kutoka nje ya nchi, bali inaweka masharti.

Makampuni makubwa ya wingu yameitikia kwa kujenga ndani. Oracle ilifungua kituo chake Jeddah mwaka 2020 na kingine Riyadh mwaka 2024. Google ilianza huduma zake Dammam mwishoni mwa 2023. Amazon na Microsoft nazo zilitangaza mipango ya vituo vyao katika ufalme huo.

Hapa pana mvutano wa kweli. Lango likibaki nje, mfanyabiashara wa Jeddah anakabiliwa na sheria ya nchi yake na anayaweka maelezo ya wateja wake chini ya mahakama za watu wengine. Lango likiwekwa ndani, mawasiliano yanakuwa ya haraka na ya halali, lakini yanafikiwa kwa urahisi zaidi na dola ambayo imewahi kuwahukumu watu vifungo virefu kwa maandishi yao katika mitandao ya kijamii. Mashirika ya haki za binadamu, likiwamo Human Rights Watch, yaliitaka Google mwaka 2021 isimamishe mpango wake kwa sababu hiyo.

Hata hivyo, wale wanaodhani kwamba kuiweka data ng'ambo ni kinga tosha wanapaswa kuikumbuka kesi ya Twitter. Agosti 2022 mahakama ya San Francisco ilimtia hatiani mfanyakazi wa zamani wa kampuni hiyo kwa kutumika kama wakala wa Saudi Arabia bila kujiandikisha na kwa makosa mengine, baada ya kushtakiwa kwamba alichungulia taarifa za watumiaji waliokosoa utawala. Data zilikuwa Marekani, lakini aliyeruhusiwa kuzifungua alikuwa na bwana mwingine.

Nanga ya meli na njia mbili za bahari moja

Kuna jambo jingine ambalo mikataba ya huduma za wingu hulitaja kwa maandishi madogo, nalo ni bahari. Wingu halielei angani. Limefungwa kwa mikongo iliyolala chini ya maji, na Bahari ya Shamu ni mojawapo ya vichochoro vyake vyembamba zaidi.

Februari 2024 mikongo kadhaa ilikatika katika bahari hiyo, ikiwamo ule wa Seacom unaohudumia Afrika Mashariki. Ilielezwa kwamba huenda ilikatwa na nanga ya meli ya mizigo ya Rubymar, ambayo ilikuwa ikielea bila mabaharia baada ya kushambuliwa na Wahouthi wa Yemen. Matengenezo yalichelewa kwa miezi kutokana na vita na ugumu wa kupata vibali. Mwezi Mei mwaka huo huo Seacom na EASSy zilikatika kwa pamoja upande wa kusini mwa Afrika, na watumiaji wa Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine za kanda wakaona intaneti yao ikidorora.

Kisha Septemba 6 mwaka 2025 mikongo ya SEA-ME-WE 4 na IMEWE ilikatika karibu na Jeddah. Kampuni ya Microsoft iliwatahadharisha wateja wa huduma yake ya wingu ya Azure kwamba mawasiliano yanayopitia Mashariki ya Kati yangechelewa, na ikayahamishia njia nyingine.

Funzo la ajali hizo ni la wazi. Kampuni ya Jeddah inaweza kulipia njia mbili fiche kwenda malango mawili, moja Frankfurt na jingine London, na ikajiona imejikinga. Lakini ikiwa njia zote mbili zinapita katika bahari moja, nanga moja inatosha kuzikata. Anayenunua huduma hiyo anapaswa kuuliza njia ya pili inapita wapi, kabla ya kuuliza njia ziko ngapi.

Linapofungwa, nani anabaki nje?

Wasaudi wana sababu ya kulichukulia suala la usalama kwa uzito. Agosti 15 mwaka 2012, wakati wa mwezi wa Ramadhani, kirusi kilichopewa jina la Shamoon kilifuta kumbukumbu za kompyuta zipatazo 30,000 za kampuni ya mafuta ya Aramco. Uchimbaji wa mafuta haukusimama, kwani mitambo yake ilikuwa katika mtandao uliotengwa na ule wa ofisi. Mwishoni mwa 2016 kirusi hicho kilirejea na kuzishambulia taasisi kadhaa za serikali. Kilichoiokoa Aramco mwaka 2012 kilikuwa kutengana kwa vyumba.

Malango ya wingu yanakwenda upande wa pili, upande wa kukusanya. Kampuni moja ya usalama hulinda maelfu ya makampuni kwa mfumo mmoja. Hilo lina faida kubwa: shambulio likigunduliwa kwa mteja mmoja, wengine wote hukingwa papo hapo. Lakini kosa nalo husambaa kwa kasi ile ile. Julai 19 mwaka 2024 sasisho bovu la programu ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, na ndege, hospitali na benki zikakwama. Hapakuwa na adui. Mlinzi mwenyewe alijikwaa.

Afrika Mashariki imeshaonja hali kama hiyo. Mwishoni mwa Juni 2023 serikali ya Kenya ilizindua huduma zaidi ya 5,000 katika tovuti moja ya eCitizen. Hata mwezi haukuisha kabla ya kundi lililojiita Anonymous Sudan kuifurika tovuti hiyo kwa maombi ya uongo, na huduma za pasipoti, viza na nyinginezo zikavurugika kwa pamoja. Mwaka uliofuata Marekani iliwafungulia mashtaka ndugu wawili raia wa Sudan.

Kwa mhamiaji aliyeko Riyadh au Jeddah, kukusanywa huko kwa huduma ni jambo la maisha ya kila siku. Kibali chake cha ukaazi na ruhusa nyingi za serikali ziko katika mfumo wa Absher. Mkataba wa mfanyakazi wa nyumbani husajiliwa katika mfumo wa Musaned, na kuanzia Julai 2024 ulianza, kwa awamu, utaratibu wa kumlipa mshahara wake kwa njia ya kielektroniki. Kumbukumbu hizo zinaweza kumsaidia. Mshahara uliopitia benki huacha alama ambayo mwajiri hawezi kuikana kwa urahisi, na ni silaha kwa dada wa Kenya au Uganda aliyezoea kusikia kwamba alishalipwa. Lakini ni silaha tu ikiwa yeye mwenyewe anaweza kuifikia. Wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje ya mageuzi ya kazi ya mwaka 2021, na mtu asiye na simu, au ambaye simu yake imeshikiliwa na mwajiri, hana ufunguo wa lango lolote.

Hali ni hiyo hiyo kwa sauti za nyumbani. Hadi Septemba 2017 huduma za kupiga simu kupitia intaneti zilizuiliwa nchini Saudi Arabia. Mwezi huo serikali iliruhusu zile zilizotimiza masharti. Kwa serikali ulikuwa uamuzi wa kiuchumi. Kwa mama aliyemwacha mtoto Kisumu au Tanga, ilikuwa ni tofauti kati ya kumwona mwanawe na kutomwona. Kanuni iliyoandikwa katika lango haina uso, lakini kila mara kuna mtu amesimama upande wa pili.

Somo kwa Nairobi na Dar es Salaam

Yanayotokea kati ya Riyadh na Jeddah yanafanana sana na yanayotokea kati ya Nairobi na matawi ya benki zake mjini Kampala, Dar es Salaam, Kigali, Juba na Lubumbashi. Huko nako mawasiliano yamezoea kurudi makao makuu, na huko nako wauzaji wa malango ya wingu wanabisha hodi. Kenya na Uganda zilipata sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na sheria ya Tanzania ilianza kutumika Mei mosi mwaka 2023. Kila mojawapo inaweka masharti yake kuhusu taarifa kuvuka mpaka. Benki yenye matawi katika nchi tano inajibu kwa wasimamizi watano, lakini lango lake huenda liko katika nchi ya sita.

Teknolojia yenyewe pia hukutana na siasa. Njia fiche inayounganisha tawi na lango ni ya ukoo mmoja na huduma za VPN ambazo raia huzitumia kukwepa uchujaji. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliwataka watumiaji wa VPN waziandikishe. Oktoba 29 mwaka 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini humo kwa siku kadhaa, kama ilivyozimwa Uganda wakati wa uchaguzi wa Januari 2021. Kampuni iliyoondoa kila kitu ofisini na kukipeleka kwenye wingu hujifunza siku kama hizo kwamba haina hata orodha ya namba za simu za wateja wake.

Hilo si hoja ya kurudi katika chumba cha seva chenye vumbi. Malango ya zamani yalikuwa na mashimo mengi, na mengi yao hayakuwa na mtu wa kuyarekebisha. Kampuni ndogo ya Jeddah au ya Mwanza haiwezi kuajiri walinzi wa mtandao wa usiku na mchana, na kwa malipo ya mwezi inaweza kuwapata kwenye wingu. Hoja ni kwamba mnunuzi ajue anachokikabidhi.

Kabla ya kutia saini, mwenye kampuni anapaswa kupata majibu ya maandishi: ujumbe wa wafanyakazi na wateja wake utafunguliwa katika nchi gani, na nani mwenye ruhusa ya kusoma kumbukumbu zake, tovuti za benki na hospitali zitaachwa bila kufunguliwa au la, na lango likipoteza mawasiliano, je, litaacha watu wapite bila ukaguzi au litawafungia wote nje. Jibu la swali la mwisho hutofautiana. Duka linaweza kuvumilia kufungiwa kwa saa moja, wodi ya wagonjwa mahututi haiwezi. Ni uamuzi wa wenye nyumba, na usipofanywa nao, utafanywa na fundi aliyekuwa zamu siku ya kuunganisha.

Wafanyakazi nao wana haki ya kuelezwa. Mwajiri anayepandikiza cheti katika kompyuta amejipa uwezo wa kusoma mazungumzo ya mfanyakazi na daktari wake au na benki yake. Sheria mpya za pande zote mbili za Bahari ya Shamu zinataka, kwa jumla, kwamba mtu ajulishwe taarifa zake zinachukuliwa kwa madhumuni gani. Tangazo la ukurasa mmoja, kwa lugha ambayo mfanyakazi anaielewa, halina gharama kubwa. Katika ghala la Jeddah lugha hiyo huenda ikawa Kiarabu, Kiurdu, Kibengali, Kiamhara au Kiswahili.

Mwaka 1999 kila aliyetumia intaneti nchini Saudi Arabia alijua kwamba lango liko Riyadh na nani amelishika. Leo malango ni mengi, ya haraka zaidi na yenye uwezo mkubwa wa kulinda, lakini wengi wanaopita ndani yake hawajui yamejengwa wapi. Wanaostahili kujua si wakurugenzi wa Riyadh peke yao. Ni pamoja na karani wa ghala la Jeddah, na jamaa yake wa Mombasa anayesubiri simu iite.